Shira, asali na sirapu: kuzifungua, kuzipima na kuzihifadhi keki isiharibike

Mwaka juzi nilipata oda ya keki ya tangawizi ya kilo 2, sherehe ya mtoto huko Kisauni, nikapima sirapu kwa kikombe kama nilivyozoea miaka yote, nikamimina, nikakwangua na kijiko, nikaona haya imetosha. Keki ikatoka kavu, haina ule unyevu wake, na rangi imekuwa ya chai ya maziwa badala ya ile hudhurungi iliyokolea. Mteja alishukuru lakini mie roho haikutulia. Wiki iliyofuata nikaipika tena ileile nijue nimekosea wapi, na safari hii kabla sijaosha vyombo nikatwaa kile kikombe na uchafu wake nikakiweka kwenye mizani, nikakiosha nikakikausha nikakipima tena. Kikombe kilikuwa kimebaki na gramu 38 na kijiko nilichokwangulia gramu 9, jumla 47, na kikombe kizima cha sirapu ni kama gramu 355. Yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sirapu yangu ilikuwa inaenda kwa sinki kila nikipika, na mie nalaumu oveni.

Ndio maana naandika hapa kwa urefu, manake nasikia wenzangu wengi wanaopika nyumbani wakisema resipi fulani haikubali, na mara nyingi resipi haina kosa, ila kuna kitu kimebaki kwenye kikombe, kwenye mkebe ama kwenye shingo ya chupa.

Anza na joto, kabla hujafungua kitu

Asali, golden sirapu, asali ya tende, glukosi, hata shira nzito ya kaimati, zote ni sukari nyingi kwenye maji kidogo sana. Asali nzuri kwa kawaida haifikishi maji asilimia 20. Ndio maana zinavuta na kunata, na ndio maana joto dogo tu linazibadilisha kabisa. Sirapu ambayo asubuhi ya mwezi wa saba, kusi ikivuma, inatoka kwa mkebe kama haitaki, mchana wa kaskazi mwezi wa pili inamiminika yenyewe. Basi usishindane nayo, ipashe.

Chemsha maji, yaache yapoe mpaka uweze kutia mkono ukauacha humo bila kuungua, hapo ni kama degri 40 hadi 45. Weka chupa au mkebe ndani, maji yafike usawa wa sirapu lakini yasifike kwa kifuniko, ngoja dakika 10 hadi 15. Kama chupa ni kubwa badilisha maji mara moja. Basi, hiyo tu.

Usiweke kwenye maji yanayochemka. Chupa ya plastiki, hizi za maji na soda ambazo watu wanauzia asali, inaanza kulegea kwenye degri 70 hivi, inajikunja na mdomo unapinda, hata kifuniko hakirudi tena. Na chupa ya gilasi ikitoka kwa friji moja kwa moja hadi maji moto inapasuka. Mie yangu ilipasuka chini, pete nzima ya kitako ikabaki ndani ya sufuria, na asali nusu kilo ya msituni niliyoletewa kutoka Kitui ikaishia pale na vipande vya gilasi, hata kuchuja huwezi kuthubutu. Nililia wallahi.

Mikrowevu ni sawa kwa gilasi tu, kifuniko kikiwa kimetoka, sekunde 10, koroga, tena 10. Mkebe wa bati usiingie humo kabisa. Na usipashe mkebe uliofungwa moja kwa moja juu ya moto, ndani kukipata presha unaweza kufumuka ukakumwagia sukari ya moto usoni.

Sasa hapo kwenye friji. Kuna watu wanatia asali kwenye friji wakidhani wanaitunza, kisha ikiganda na kuwa chembechembe wanasema wameuziwa sukari. Asali hufanya chembe haraka zaidi kwenye ubaridi wa degri 10 hadi 18 hivi, na nyingine hufanya hata nje ya friji kulingana na maua nyuki waliyokula. Kufanya chembe hakumaanishi imechanganywa. Ipashe polepole kwenye maji ya uvuguvugu saa moja ama mbili, itarudi majimaji. Na hapa pwani asali ikae kabatini tu.

Kufungua: mikebe, chupa na vifuniko vilivyogandana

Mkebe wa golden sirapu una kile kifuniko cha kubanwa ndani, hakizungushwi, kinainuliwa. Usitumie kisu. Kisu kinateleza, na mkono wa pili siku zote uko hapohapo umeshika mkebe. Twaa kijiko kizito, ingiza ncha ya mpini chini ya ukingo wa kifuniko, inua kidogo tu, ukisikia kimelegea upande huo usiendelee kuvuta, sogea inchi moja, inua tena, zunguka hivyo mpaka umalize duara. Ukivuta sehemu moja kwa nguvu bati linapinda, na kifuniko kilichopinda hakitafunga tena vizuri, halafu chungu watakwambia kabla yako.

Kabla hujafunga tena, angalia ule mfereji unaozunguka mdomo. Pale ndipo sirapu hujaa kila ukichota, kijiko kinagusa ukingo, tone linaingia kwenye mfereji, ukifunga linabanwa kati ya bati na bati, likikauka linakuwa gundi. Safari ijayo unapigana na gundi ile, si na kifuniko. Loweka kitambaa kwa maji moto, kikamue, pitisha kidole kwa ndani ya kitambaa kwenye mfereji mzunguko mmoja, kausha, ndio ufunge. Sekunde 20 hazifiki.

Chupa ya kifuniko cha kuzungusha iliyokwama, ipindue, timbukiza kifuniko peke yake kwenye maji moto dakika 2, ikiwa ni gilasi hakikisha haikutoka kwa baridi. Kausha kabisa, zungushia rababendi nene kwenye kifuniko upate pa kushika, kisha fungua. Ikikataa, gonga ukingo wa kifuniko kwa upawa wa mbao pande nne. Ukishafungua na kufuta, paka mafuta ya kupikia tone moja kwa kidole kwenye zile nyuzi za mdomo wa chupa. Haitagandana tena mwezi mzima.

Chupa ya shingo nyembamba ndio mtihani. Asali inatoka kidogo, inasimama, inavuta pumzi, inatoka kwa kishindo, mara umetia mara mbili ya ulichotaka. Shida ni hewa, asali ikitoka lazima hewa iingie mahali pake na shingo yote imezibwa na asali. Ingiza mrija wa kunywea ama kijiti cha mshikaki kilicho safi mpaka kipite shingo, inamisha chupa kando usiipindue wima, hewa itapata njia ya juu na asali itashuka ya chini kwa uzi mmoja. Ila kwa kweli ushauri wangu ni kuwa siku unayonunua, siku hiyohiyo uipashe na kuihamishia kwenye chupa ya mdomo mpana. Kazi ya mara moja.

Maziwa mazito ya mkebe ni opena tu. Futa kwanza juu ya mkebe, manake vumbi la stoo lote liko pale na opena italiingiza ndani. Ukingo unaobaki ni wembe, kwa hivyo kukwangua tumia mwiko wa mpira sio kidole, najua sote tunatia kidole. Na ile tabia ya kuchemsha mkebe bila kuufungua upate karameli, tafadhali iache. Maji yakipungua mkebe ukabaki juu ya maji, ama ukiufungua ungali moto, unaweza kulipuka jikoni na watoto wako hapo. Mimina maziwa kwenye bakuli la gilasi linalostahimili moto, funika na foili, weka bakuli ndani ya sinia yenye maji moto, tia oveni degri 220 saa moja na nusu hivi, uongeze maji yakipungua. Ladha ni ileile.

Kupima, hapa ndipo penye keki yako

Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu cha jikoni mwaka huu, nunua mizani ya dijitali. Ya kilo 5 inayoonyesha gramu moja moja yatosha. Sirapu kwa kikombe huwezi kuipatia, hata uwe na mkono wa miaka 30, manake tatizo sio jicho lako, ni kile kinachobaki.

Njia ninayoipenda kupita zote ni hii. Weka mkebe wenye sirapu juu ya mizani, ukiwa wazi na kijiko chake ndani. Bonyeza sifuri. Sasa chota utie kwenye sufuria ama bakuli iliyo pembeni, kijiko kirudi ndani ya mkebe. Mizani itaanza kuonyesha namba za kutoa, -50, -120, -180. Resipi ikisema gramu 200, ukifika -200 simama. Unapima kilichotoka, kwa hivyo kilichobaki kwenye kijiko hakikuhusu, kimesharudi kwenye mkebe kimehesabiwa. Hakuna kikombe cha kuosha, hakuna hasara. Mara ya kwanza nilipofanya hivi keki ya tangawizi ikawa laini mpaka nikampigia dada yangu simu saa nne usiku.

Angalizo moja, mizani nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika mbili hivi usipozigusa, na ikijizima imesahau ile sifuri. Kwa hivyo kabla ya kuanza andika uzito wa mkebe mzima kwenye karatasi. Ikijizima unaiwasha, unapima tena mkebe, unatoa hesabu mwenyewe.

Njia ya pili ni ya keki zinazoyeyushwa, kama hiyo ya tangawizi, siagi na sukari na sirapu vinaenda pamoja kwenye sufuria moja. Weka sufuria juu ya mizani, sifuri, tia sukari, sifuri, katia siagi, sifuri, mimina sirapu juu ya sukari. Mpangilio huo usiubadilishe, sukari iwe chini, manake sirapu ikikutana na sufuria tupu inalala chini inashika moto kabla siagi haijayeyuka. Vilevile kwa unga, kama resipi yako haiyeyushi kitu, chimba kishimo katikati ya unga ulioupima na umimine asali humo, haigusi bakuli, inaanguka yote na unga.

Mizani huna? Sawa, kuna namna. Resipi ikiwa na mafuta, pima mafuta kwanza, kisha kikombe kilekile bila kukifuta pimia asali, itateleza itoke karibu yote. Hakuna mafuta kwenye resipi, pitisha kijiko kwenye yai lililopigwa au kipake mafuta tone moja. Kijiko kikishatiwa moto kwenye maji ya chai kikakaushwa pia kinaachia, ila kwa kijiko kimoja kimoja tu, kikipoa umerudi palepale.

Na hesabu hizi ziandike ubandike mlangoni kwa kabati. Kijiko cha mezani cha mililita 15 cha asali au golden sirapu ni kama gramu 21, cha chai cha mililita 5 ni gramu 7. Kikombe cha mililita 250 ni kama gramu 355, lakini resipi za Marekani kikombe chao ni kama mililita 240, hapo hesabu gramu 340. Kikombe cha maziwa mazito ni pungufu kidogo, gramu 320 hivi. Usichanganye mililita na gramu kwenye vitu hivi, maji peke yake ndio mililita 100 zinakuwa gramu 100, asali mililita 100 ni kama gramu 142.

Jambo lingine kwa keki za asali, zinashika rangi mapema kuliko za sukari, kwa hivyo punguza oveni degri 10 hadi 15 na uifunike na foili juu ikianza kuiva rangi na katikati bado. Na keki ya mtoto chini ya mwaka mmoja usitie asali kabisa, hata ya kupikwa. Asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli ya mtoto mchanga, na katikati ya keki hapapiti degri 100, joto hilo haliziui. Siku hizi nikipata oda ya sherehe ya mtoto naweka sirapu ya sukari, nauliza kwanza miaka ya mtoto.

Tengeneza yako mwenyewe

Golden sirapu ya mkebe ni kitu cha Uingereza, London walianza kuitengeneza miaka ya 1880 kutokana na masazo ya kiwanda cha kusafisha sukari ya miwa, na hapa Mombasa haipatikani kila duka na ikipatikana bei yake si ya kupikia oda. Lakini ukielewa siri yake waweza kupata ndugu yake wa karibu sana kwa sukari na ndimu. Siri ni kwamba sehemu ya sukari yake imevunjwa ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haukubali kurudi chembechembe kirahisi. Ndimu hufanya kazi hiyohiyo kwenye sufuria. Bibi zetu walikuwa wakikamulia ndimu kwenye shira ya kaimati bila kuambiwa na mtu habari za kemia.

Twaa sukari gramu 100 na maji vijiko 3 vya mezani, sufuria nzito, moto wa kati. Usikoroge, zungusha sufuria kwa mpini. Sukari itayeyuka, itachemka kwa mapovu makubwa meupe, kisha mapovu yatakuwa madogo na mazito na pembeni kutaanza rangi ya asali. Hapo usiende popote, simu iache. Ngoja iwe rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nusa, ikinukia tamu ni sawa, ikianza kuwasha pua umechelewa na itakuwa chungu. Zima moto. Mimina maji moto mililita 300 kidogo kidogo, simama mbali na uvae kitu cha mikono mirefu, itaruka na kupiga kelele. Maji yawe moto, ya baridi yanairusha zaidi. Kisha tia sukari gramu 400 na vipande viwili vya ndimu na maganda yake, rudisha moto mdogo kabisa, ule wa mapovu kupanda moja moja, dakika 40 hadi 50. Usikoroge tena baada ya sukari kuyeyuka.

Kujua kama imeiva weka sahani ndogo kwenye friza mapema, tonesha tone, ngoja dakika moja, inamisha sahani. Tone likikimbia kama maji bado, likisogea polepole kama limelewa usingizi hapo tayari. Kumbuka kwenye sufuria itaonekana nyepesi siku zote, wengi wanaiacha mpaka iwe nzito ikiwa motoni halafu ikipoa ni peremende. Ikiwa hivyo usiitupe, ongeza maji moto vijiko 2 au 3 uipashe tena. Toa ndimu, mimina ikiwa moto kwenye chupa ya gilasi iliyokaa oveni degri 120 dakika 15, funga.

Shira ya kaimati ni nyepesi zaidi, vikombe 2 vya sukari kikombe 1 cha maji, iliki, ndimu nusu, zafarani kama mkono wafika, ichemke dakika 8 hadi 10. Tonesha kwenye sahani ipoe, bana kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiachanisha upate uzi mmoja. Ile shira inayogeuka nyeupe na kukwaruza kaimati zote, kosa huwa ni punje za sukari zilizobaki pembeni mwa sufuria, moja ikianguka ndani inaita wenzake. Chovya brashi ama kitambaa safi kwenye maji, futa pembeni wakati inachemka. Ikishageuka, rudisha motoni na nusu kikombe cha maji na ndimu mpaka iwe safi tena. Inapona kabisa.

Ukiungua na sukari ya moto, mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio sekunde 20. Bomba kavu, mwaga maji ya mtungi kwa kikombe polepole. Usipake dawa ya meno, usipake unga, na pakifanya lengelenge kubwa nenda hospitali.

Pakiti nyingine zinazosumbua

Hizi nitapita haraka. Unga wa kilo 2 wa pakiti ya karatasi, usichane juu kwa mkono, simamisha, gonga mara mbili unga ushuke, kata kona moja kwa makasi, mimina kona ile ikiwa ndani ya kontena, vumbi halitapanda. Sukari ya unga vivyo hivyo, na funika bakuli na kitambaa kibichi ukianza kupiga.

Hamira ile ya pakiti ngumu kama tofali haina hewa ndani ndio maana ngumu, ukiikata inalegea na hapo saa imeanza kuhesabu. Ihamishie kwenye chupa ndogo kavu, friji. Beking pauda adui yake ni unyevu, na Mombasa unyevu tunao mwaka mzima, kijiko kikavu siku zote na usifungue mkebe juu ya sufuria inayotoa mvuke. Kuijua kama imekufa, kijiko kimoja kwenye maji moto nusu kikombe, isipofoka itupe.

Arki ya vanila na rangi, zile chupa ndogo, zifungulie juu ya sahani usizifungulie juu ya bakuli la keki. Rangi nyekundu iliyoanguka yote hairudi.

Kuosha bila kumaliza maji

Wengi wetu maji ni ya mtungi, mkokoteni unapita unalipa kwa kila mtungi wa lita 20, kwa hivyo kuosha nako kunataka akili. Sukari inayeyuka kwenye maji, haihitaji kusuguliwa wala sabuni nyingi, inahitaji muda na joto. Kabla ya yote, mkebe unaokaribia kwisha usiuoshe, tia ndani maziwa au maji ya uvuguvugu yaliyo kwenye resipi yenyewe, yale uliyopima, funga kifuniko kwa kitambaa, tikisa, mimina kwenye keki. Umepata sirapu yote na mkebe umesafika.

Vijiko na miko viweke ndani ya sufuria uliyopikia sirapu, tia maji yafunike chini, funika, chemsha dakika 5. Mvuke unafanya kazi yote, vikombe viwili vya maji vinaosha vyombo vyote. Meza iliyodondokewa, tandaza kitambaa kibichi chenye maji moto juu ya tone, ondoka, rudi baada ya dakika 5, futa mara moja. Ukianza kufuta hapohapo unalitandaza tu. Mizani usimwagie maji, kitambaa kibichi tu na kijiti cha meno kwenye mipasuko ya vitufe.

Kuhifadhi, chumvi ya bahari na chungu

Mkebe ukishafunguliwa usiuache na sirapu yake ukae miezi. Huku kwetu hewa ina chumvi, anayekaa Kizingo au Nyali karibu na bahari anajua hata bawaba za mlango zinavyokula kutu, na ukingo wa mkebe uliokwanguliwa na kijiko ndio wa kwanza. Nimewahi kuona pete nyekundu ya kutu imeshuka mpaka kwenye sirapu. Hamishia kwenye gilasi ya mdomo mpana, ule mpana kijiko kiingie kikiwa kimelala, bandika karatasi ya tarehe uliyofungua. Kijiko chenye maji kisiingie humo kabisa, tone la maji linalokaa juu ya asali linaanza kuchacha, utaona povu dogo na harufu ya kileo. Maziwa mazito yaliyobaki yaende kwenye gilasi ndani ya friji, uyamalize ndani ya siku chache.

Chungu nao usiwapulizie dawa karibu na chakula. Futa chupa nje kwa kitambaa cha maji moto na siki kidogo, kisha isimamishe katikati ya sahani yenye maji kimo cha kidole, chupa isigusane na ukuta wala chupa nyingine, manake watatumia hiyo kama daraja, nimewaona wakipita kwenye uzi wa mfuko uliolegea tu. Maji hayo yabadilishe kila siku ya pili, yakikaa wiki mbu watataga humo.